Damu ya Mzee na Ugoro

Mwezi wa nne Guangzhou hakuna jua. Hewa yenyewe inageuka maji. Kuta zinatoka jasho, sakafu za korido zinateleza, na shuka uliyoianika Jumatatu unaianua Alhamisi ikiwa na ubichi uleule. Wafanyabiashara wa Kitanzania wa mtaa wa Xiaobei huulalamikia mwezi huo kwa sababu ya viatu vinavyoota ukungu na maboksi yanayolegea kabla hayajafika ghalani. Martina Mgaya aliuchukia kwa sababu nyingine. Bila jua hakuweza kuona rangi sawasawa, na rangi ndiyo iliyokuwa ikimlisha.

Kazi yake ilikuwa sare. Anayetoka kwetu hahitaji kuelezwa: harusi ina kamati, kamati ina sare, na kina mama wa upande wa bibi harusi wakishakubaliana juu ya rangi, rangi hiyo inakuwa kama kiapo. Wanampa Martina kipande cha kitambaa kisichozidi kiganja. Yeye anakibeba hadi Zhongda, soko la vitambaa lenye vibanda vingi kuliko mtu anavyoweza kuvipita kwa wiki nzima, na anarudi na majora yanayofanana nacho kama pacha. Yasipopatikana, anakaa na mwenye kiwanda mpaka yatiwe rangi upya. Miaka kumi na miwili alifanya hivyo. Kabla ya hapo alikuwa mwalimu wa sayansi kimu katika sekondari moja ya Njombe, ndiyo maana pale barabara ya Huanshi Zhonglu, kuanzia wauza simu mpaka mama wa Kikongo anayepika pondu, kisamvu cha kwao, wote walimwita Mwalimu.

Rangi zake alizitaja kwa majina ya nyumbani. Hakusema nyekundu, alisema hii ni damu ya mzee, ile nyekundu iliyoiva hadi ikakaribia weusi. Hakusema kahawia, alisema ugoro, au kahawa isiyo na maziwa, au udongo wa Makambako baada ya mvua. Kati ya samli na maziwa ya mgando aliona rangi nne ambazo wengine wote waliziita nyeupe. Wachina wa Zhongda walikuwa wakimwita kutoka kibanda cha jirani aje aamue wanapobishana na wateja wao.

Hayo yalikuwa hadi mwezi wa kumi mwaka jana.

Mwezi huo alipeleka Njombe sare za harusi ya kijana mmoja aitwaye Ernest. Damu ya mzee, majora manane. Mafundi walikuwa watatu, kila mmoja na majora yake, na nguo hazikukutana mpaka asubuhi ya harusi, mlangoni pa kanisa. Hapo ndipo watu walipoona. Kina shangazi wa mstari wa kulia walikuwa wamevaa damu ya mzee. Wa mstari wa kushoto walikuwa wamevaa ugoro. Haikuwa tofauti ya kubishania. Ilikuwa ya mtu kusimama na kushika mbavu. Picha ilizunguka simu zote za mkoa, na chini yake mtu alikuwa ameandika: "Ukoo mmoja, nusu damu, nusu tumbaku."

Martina alimpigia simu laobani Liu, yaani bosi wa kibanda alichokuwa akinunulia kwa miaka kumi na mmoja. Alimwita mwizi. Alimwambia amechanganya majora makusudi ili amalize mabaki yake. Laobani Liu, mwanamke wa rika lake mwenye sauti ya chini, alijibu jambo moja tu: kila jora ulilishika wewe mwenyewe, na kila jora ukaliwekea alama yako ya chaki. Ilikuwa kweli. Martina akakata simu. Tangu siku hiyo, akifika Zhongda, alipita korido ya upande wa pili.

Mwezi wa kwanza alikwenda hospitali kwa sababu ya maumivu nyuma ya jicho la kulia. Daktari kijana alimwangalia kwa mashine kadhaa, kisha akatoa mfukoni kizibo cha chupa, chekundu. Funga jicho hili. Sasa funga hili. Wekundu ni uleule? Simu ya daktari ilitafsiri kwa sauti ya mwanamke asiye na haraka. Kwa jicho la kushoto Martina alikiona kizibo kimefifia kama nguo iliyofuliwa mara nyingi. Kwa jicho la kulia kilikuwa kimefifia zaidi.

"Ni uleule," alijibu.

Daktari alimtazama kidogo, akaandika, akasema kwamba mishipa inayobeba picha kutoka machoni kwenda kwenye ubongo inakauka, yote miwili, kwamba hakuna dawa ya kuirudisha, na kwamba aje kila baada ya miezi mitatu wapime imebaki kiasi gani. Hakurudi. Hakumwambia mtu. Alijishikiza kwenye wazo moja na kulilalia usiku na kuamka nalo: macho yanaweza kupungua nguvu, watu wangapi duniani wanavaa miwani, lakini rangi ni rangi. Yale ya Njombe yalikuwa ya Liu.

Sasa ikawa zamu ya Sarah. Sarah alikuwa mtoto wa marehemu dada yake, na harusi yake ilikuwa mwezi wa sita. Kamati ilipokaa, mwenyekiti, bwana mmoja aitwaye Protas, alisema waziwazi kwamba sare ziagizwe kwa mtu mwingine, aibu ya Ernest imetosha. Sarah, ambaye katika kikao kile hakutegemewa hata kufungua mdomo, alisimama mbele ya baba yake na mbele ya wakwe. Alisema mama mdogo hakukosea, aliibiwa na Mchina, na yeye yuko tayari kuapa. Akaapa. Kama sare hazitoki kwa mama mdogo, alisema, basi na harusi isubiri. Kamati ikakubali. Rangi wakachagua ileile, damu ya mzee. Labda kwa kumpima.

Kipande kilifika na msafiri kupitia uwanja wa ndege wa Baiyun. Martina alipata Zhongda vitambaa viwili, kwa laobani mwingine, akakata kona ya kila kimoja. Alitakiwa kujibu ni kipi kabla ya saa kumi na moja jioni ya Ijumaa, ili Jumamosi kiwanda kianze. Kwa siku tatu alivigeuzageuza vile vipande kwenye dirisha la chumba chake. Kwa siku tatu vyote viwili vilikuwa sawa na cha nyumbani, na vyenyewe kwa vyenyewe vilikuwa sawa. Hilo ndilo lililomtia hofu. Katika miaka yote ya kazi hiyo hakuwahi kuona vitambaa vya viwanda viwili vikiwa sawa.

Ijumaa baada ya chakula cha mchana aligonga mlango wa jirani yake.

"Nisindikize kwa Wajapani," alisema.

Jirani huyo alikuwa Swalha, Mzanzibari wa Kikwajuni, mnunuzi wa mabuibui na vipodozi, mdogo kwa Martina kwa miaka kama kumi na mitano. Alikuwa anafunga mabegi. Jumatano ijayo alikuwa anarudi nyumbani, na safari hii hakusema atarudi lini.

"Wajapani gani tena, Mwalimu? Mie nshawamaliza Wachina?"

"Lile jumba la maduka pale kwenye mnara. Nataka taa zao."

"Taa za kununua?"

"Za kutumia tu. Vaa viatu."

Kwenye treni ya chini ya ardhi, wakining'inia kwenye vishikio, Martina alimweleza. Miaka saba nyuma alikuwa amewapeleka wateja kuuona Mnara wa Canton, ule mwembamba kiunoni ambao kila mgeni lazima apige nao picha, mvua ikawanyeshea, wakakimbilia kwenye jumba la Wajapani lililo jirani. Ghorofa ya tatu, kwenye shuka na taulo, aligundua kitu ambacho Guangzhou nzima alikuwa hajakiona. Taa za Zhongda ni za kutongozea. Hii imetiwa waridi kidogo, ile umanjano kidogo, ili kila kitambaa kionekane bibi harusi. Taa za pale juu hazimbembelezi mtu. Ni nyeupe kama jua la saa nne asubuhi, Njombe, mwezi wa saba. Tangu hapo, kila mwezi wa nne, hapo ndipo palipokuwa ofisi yake.

"Na hao Wajapani wanajua kuwa umefungua ofisi kwao?" Swalha aliuliza.

"Wananiinamia kila nikiingia. Nadhani wanajua."

Walitokea chini ya mnara katikati ya watalii wenye makoti ya plastiki ya mvua. Juu mnara ulikuwa umekatwa na ukungu. Nusu yake haikuwepo. Watu walikuwa kwenye foleni ya kupanda vilevile. Swalha alisimama akaupiga picha, akajipiga picha nao, akaiangalia.

"Mnara hauna kichwa," alisema. "Nitawaambia nyumbani ndivyo ulivyo."

Mlangoni mwa jumba kulikuwa na mashine ya kuvalisha miavuli iliyolowa mifuko ya plastiki. Swalha aliutia mwavuli wake, ukatoka umevaa. Aliurudisha tena, ukatoka na mfuko wa pili.

"Kumbe kwa Wajapani hata mwavuli una stara."

"Acha, wanatutazama."

"Wacha watazame. Si ndio wameweka?"

Chini palinuka siagi na mkate. Wasichana wenye glavu nyeupe walipanga mikate midogo kama vito. Kulikuwa na duka zima la soksi tu, na jingine la vijiko, na watoto wa watalii walikuwa wamekaa sakafuni wakilinganisha minara midogo ya chuma waliyonunuliwa. Swalha aliokota chupa ya chai, akatafuta muuzaji kwa macho, akaona karatasi ya bei.

"Bei imeandikwa tu hivi? Sasa mtu anaongea nini na muuzaji?"

"Anamwambia asante."

"Hiyo biashara ya mabubu," Swalha alisema, akairudisha chupa mahali pake taratibu.

Alitaka kuona vyoo, ambavyo alisikia vina viti vinavyopasha moto makalio. Martina alimwonyesha njia, akamwambia wakutane juu kwenye taulo, akapanda ngazi za umeme peke yake. Mfukoni mwa koti vile vipande vitatu vilikuwa ndani ya bahasha. Aliigusa mara mbili njiani.

Ghorofa ya tatu ilikuwa kimya kama maktaba. Taa zilikuwa zilezile. Ukuta wa taulo ulikuwa palepale, wenye rafu tangu sakafuni hadi juu ya kichwa cha mtu, na taulo zimekunjwa na kupangwa kwa rangi kutoka kushoto kwenda kulia: nyeupe, samli, manjano, kisha machungwa, kisha nyekundu za kila umri hadi damu ya mzee, halafu zambarau, bluu, kijani, kijivu. Wajapani hawakosei mpangilio huo. Kwa miaka saba Martina alikuwa ameutumia ukuta ule kama futi ya fundi. Alikuwa akisogeza kipande cha mteja mbele ya taulo nyekundu mpaka kinapotelea ndani ya moja, na hapo alijua: hii iko kati ya ya saba na ya nane, imeelemea ya nane.

Alipita nyeupe, samli, manjano. Akafika machungwa. Baada ya machungwa akakuta safu ndefu ya rangi za udongo, moja baada ya nyingine, na baada ya udongo, zambarau.

Alirudi nyuma hatua mbili, akatazama tena kutoka mwanzo. Wamebadilisha, alijisemea. Ni majira, huenda nyekundu ni ya mwaka mpya na mwaka mpya umepita. Jambo hilo lilimpa nafuu hata akatabasamu. Mhudumu alikuwa akikunja vitambaa vya mikono karibu na nguzo, mama wa makamo mwenye aproni. Martina alimsogelea, akamuuliza kwa Kichina chake cha sokoni kama taulo nyekundu hazipo tena, meiyou.

"Zipo," mama yule alisema.

"Wapi?"

Mama yule alimtazama usoni kana kwamba amesikia vibaya. Kisha akatembea naye hatua tano hadi kwenye ile safu ya udongo, akaweka kiganja chake chote juu ya taulo moja, akakishusha hadi ya chini yake, na ya chini yake, polepole.

"Nyekundu," alisema. "Hii nyekundu. Hii nyekundu. Zote hizi."

Akainama kwa adabu, akarudi kwenye vitambaa vyake.

Martina alibaki amesimama. Alifumba jicho la kulia, akatazama. Alifumba la kushoto, akatazama. Alichukua taulo moja akaisogeza karibu na uso hadi nyuzi zikamgusa pua. Ilikuwa ugoro. Ilinukia upya, ilikuwa laini, na ilikuwa ugoro. Aligeuza karatasi yake na kuona herufi ya Kichina ya nyekundu, ambayo hata mgeni wa wiki moja anaijua, maana imeandikwa kila mahali katika nchi ile. Akachukua nyingine. Akachukua nyingine. Alifanya hivyo mpaka akawa amezivuruga safu mbili, na mama wa aproni akaacha kukunja, akawa anamwangalia.

Palikuwa na benchi la kupumzikia mbele ya mito ya kulalia. Alikaa. Alitoa bahasha, akavipanga vile vipande vitatu juu ya goti, cha nyumbani katikati. Vilikuwa vitatu vya ugoro. Alijaribu kukumbuka ni lini alianza kuiona damu ya mzee kwa kumbukumbu na si kwa macho. Maana ndivyo ilivyokuwa, sasa alielewa, akili ilikuwa ikimpakia rangi pale ambapo haikuwepo. Akilini alimwona mtu akipita na majora manane mbele yake, na yeye ameshika chaki, anachora M kwenye kila moja, anajiamini, anatania. Hakuna aliyemchanganyia. Majora ya ugoro yaliwekwa mbele yake na yeye akayapitisha.

Swalha alikuja akitafuna mkate, na mwingine mkononi ndani ya karatasi.

"Dada, choo kinakuogesha chenyewe. Mie nimetoka mbio. Shika, huu wa kwako, hauna nguruwe, nimeuliza." Akakaa, akavitazama vile vipande gotini. "Ndio vyenyewe hivi vinavyoshindana? Mbona hapa hakuna mashindano. Hiki cha katikati na hiki ni ndugu, damu ya mzee. Hiki kingine ugoro mtupu. Ulitaka kunipima, eti?"

Alicheka. Kisha akamtazama Martina, akaacha kutafuna.

"Dada Martina."

"Kipi ugoro?"

"Unanifanyia mzaha."

"Nionyeshe, Swalha."

Swalha aliweka kidole kwenye kipande cha kushoto. Martina alikitazama kwa muda mrefu, kisha akakitazama cha kulia. Akamwambia yote: kizibo cha chupa, mishipa, jibu alilompa daktari. Aliongea bila kupandisha sauti, kama anasoma orodha ya wanafunzi.

Swalha aliukunja mkate ndani ya karatasi yake. Hakusema pole; alikuwa na akili ya kutosha.

"Basi agiza hiki," alisema baadaye. "Nishakwambia ndicho. Mie nitakuwa jicho lako."

"Cha leo umekiona. Majora ishirini yakitoka kiwandani, nani atasimama ayatazame moja moja? Wewe Jumatano unaondoka."

"Wapo wengine."

Martina aliinuka akachukua taulo mbili zilizopakana kutoka kwenye safu, ambazo zamani alizijua kama ya sita na ya saba. Akaziweka mbele ya Swalha. "Zina tofauti?"

Swalha aliziangalia kwa bidii. "Zote nyekundu."

"Zinatofautiana. Mbele ya kamera zinatofautiana. Mimi nilikuwa nalipwa kwa hiyo tofauti." Alizirudisha, akazikunja vizuri. "Sina kazi tena, mdogo wangu. Niliyokuwa nayo iliisha mwaka jana, ni mimi tu sikujulishwa."

Njombe ilikuwa saa tatu asubuhi. Sarah alipokea mara ya kwanza ilipoita. Alikuwa kazini, kwenye duka la dawa.

"Shikamoo mama mdogo. Umeipata?"

"Marahaba, mwanangu. Sarah, mwambie Protas aagize kwa mtu mwingine."

"Amekupigia? Amekwambia nini tena yule?"

"Hajanipigia."

"Maana mimi nilishawaambia, mama mdogo. Mbele ya baba, mbele ya wakwe. Usimsikilize."

"Ni macho yangu, Sarah. Nyekundu siioni. Ninaiona kama ugoro. Daktari amesema hairudi."

Upande wa pili ikasikika sauti ya mteja akiuliza dawa ya kikohozi cha mtoto, na Sarah akamjibu kwa sauti yake ya kazini: ana umri gani, mara tatu kwa siku, usimpe kabla hajala. Akarudi kwenye simu.

"Tangu lini?"

"Daktari nilimwona mwezi wa kwanza."

"Sijauliza daktari."

Martina alivirudisha vipande ndani ya bahasha.

"Harusi ya akina Ernest ilikuwa mwezi wa kumi," Sarah alisema.

"Ndiyo."

"Kwa hiyo yule Mchina hakukuibia."

"Hakuniibia."

Sarah alivuta pumzi. Alipoongea tena alikuwa ameziba mdomo kwa mkono, ilisikika. "Mimi niliapa, mama mdogo."

"Najua."

"Mama mkwe mpaka leo hajanitazama machoni. Aliniuliza siku ile, una hakika, nikamwambia kama ninavyomjua Mungu. Sasa nikawaambie nini? Kwamba ulikuwa unajua unaumwa tangu mwezi wa kwanza, ukaniacha nasimama pale mwezi wa tatu?"

"Sikuwa najua."

"Ulikuwa hutaki kujua."

Hakukuwa na ukali ndani yake. Alisema kama mtu anayesoma maandishi kwenye chupa ya dawa. Martina alisogeza simu kwenye sikio la pili.

"Pole," Sarah alisema. "Pole sana, mama mdogo. Nitakuja kulia baadaye. Lakini nikuombe kitu kimoja. Usiwaambie. Sema kiwanda kimekwama. Sema yule yule Mchina ametuharibia tena, hataki kuuza. Hilo wataliamini. Baada ya harusi sema lolote."

"Huyo mama hajafanya kitu, Sarah."

"Yeye yuko China. Hatajua hata kama alisemwa. Mimi naishi hapa."

Simu ilipokatika Martina aliishika mapajani. Mwanga wa taa ulikuwa palepale, haukuongezeka wala kupungua. Ndiyo sifa yake. Kwenye dirisha kubwa la mwisho wa ukumbi mnara ulionekana hadi kiunoni, na chini yake miavuli ya watalii, mingi, ambayo aliamini ilikuwa ya rangi mbalimbali.

Alimwandikia laobani mpya kwamba hanunui. Kisha akafungua kundi la WhatsApp la kamati, akabonyeza kipaza sauti. Mara ya kwanza alikosea maneno, akafuta. Mara ya pili ilitoka vizuri, sauti ya Mwalimu, ile ambayo darasa lilikuwa likikaa chini lenyewe.

"Ndugu zangu wa kamati, habari za kazi. Nasikitika kuwaarifu kwamba kwa sare sitaweza. Yule laobani Liu aliyetuharibia ile ya Ernest amepita kwenye viwanda kunisema, na kiwanda kimekataa oda yetu. Nawaomba muagize kwa mtu mwingine mapema, muda bado upo. Mnisamehe."

Akatuma. Swalha, ambaye alikuwa amekaa karibu naye muda wote na miavuli miwili iliyovishwa mapajani, alitazama sakafu.

Majibu yalianza kuingia mara moja. Protas aliandika: "Pole Mwalimu. Wale watu hawaaminiki kabisa. Tunashukuru kwa uaminifu wako." Baba yake Sarah akaweka viganja vilivyofumbatana. Mama mkwe hakuandika neno, ila aliweka moyo, na wengine wakafuata, moyo baada ya moyo, ukurasa ukajaa. Martina aliipeleka simu mbali kidogo na uso. Alijua ni myekundu kwa kuwa mioyo ya simu huwa hivyo.

"Huyo Liu," Swalha aliuliza, "ndiye yule aliyekuwa anakuletea uji mwaka ule uliolazwa hospitali?"

"Ndiye," Martina alisema. "Wiki mbili, kila asubuhi."